Injini Namba 18011

Jumatatu, 2 Juni

Mke wangu ametangaza vita kabla ya chai. Anaitaka stoo. Amechoka kushonea nguo sebuleni, wateja wakipimwa viuno mbele ya televisheni. Nikamkumbusha kwamba ndani ya stoo kuna gari langu. Akasema ndani ya stoo kuna kutu yenye magurudumu matatu.

Uongo. Ni manne. La nne liko chini ya kitanda.

Lakini utamweleza nini mtu asiyeona? Gari la michezo la Kiingereza, la mwaka sitini na mbili. Viti viwili, halina paa, kijani iliyokolea. Pua ndefu ya dharau, kana kwamba linanusa wapita njia na kuwakataa. Ndiyo maana tunaelewana. Nimelikarabati kwa miaka kumi na moja. Usukani umekamilika kabisa, unang'aa. Kilichobaki ni sakafu, breki, nyaya, milango na vitu vidogo vidogo.

Mbaya zaidi, mke wangu alikuja na mtu. Mwenye hoteli ya pale njia panda, mnene, futi mfukoni. Anataka kuikata pua ya gari aitundike ukutani juu ya kaunta yake, taa ziwe zinawaka wateja wakinywa soda. Akapima. Akaandika vipimo kwenye kiganja. Akaniuliza, kwa sauti ya upole kama mtu wa msibani, kama kiwiliwili ningependa kubaki nacho. Nikamwambia atoke. Mke wangu akamwambia arudi.

Masharti yake ni haya. Chama cha Magari ya Kale kinakagua magari Jumamosi tarehe 14 kwa ajili ya maonyesho. Kila aina ya gari, nafasi moja. Litakalopata cheti litahamia kwenye banda la chama, nami nitabaki na gari, yeye na stoo. Likikosa, Jumatatu inayofuata pua inakwenda hotelini.

Mjini kuna gari jingine moja tu la aina hii. Jekundu. Ni la shemeji yangu, kaka wa mke wangu, daktari wa meno. Marehemu baba mkwe aliacha magari mawili: jekundu kwa mwanawe, la kijani kwetu. Kwetu, yaani kwangu. Shemeji hulipaka lake nta kila Jumapili akiwa amevaa glavu za kazini. Mwanamume mzima.

Jumatano, 4 Juni

Fomu ya chama imefika. Kurasa nne. Wanataka historia ya umiliki tangu gari liguse ardhi. Nani alilinunua, nani alimuuzia nani, lilifanya nini.

Historia ya kweli ni aibu tupu. Lililetwa na daktari wa mifugo. Alipoondoka kurudi kwao alimwachia baba mkwe, mpima barabara, ambaye alilitumia kubebea chakula cha kuku. Basi. Umewahi kusikia mtu akisimama mbele ya kamati na kusema chakula cha kuku?

Nikakaa mezani nikalitendea haki. Mmiliki wa kwanza, balozi. Wa pili, rubani aliyeishinda treni kwa dakika saba. Wa tatu, mwimbaji aliyekufa kijana akiwa ameushika usukani, lakini gari halikupata mkwaruzo. Nikagonga na muhuri wa ubalozi. Mimi ni mchonga mihuri, mwaka wa ishirini na nane sasa. Nusu ya ofisi za mji huu zingekuwa bubu bila mikono yangu, na hakuna hata moja iliyowahi kunialika kwenye hafla.

Mke wangu alisoma akiwa na sindano mdomoni. Aliitoa ili aulize kama balozi ndiye aliyeacha manyoya ya kuku chini ya kiti. Kisha akauliza kwa nini sikuandika kwamba ndilo lililompeleka kwenye harusi yake.

Nikamwambia kamati haina haja na harusi za watu. Akairudisha sindano mdomoni. Sikupenda jinsi alivyoirudisha.

Ijumaa, 6 Juni

Mzee Spana amekuja kuchomelea sakafu. Ndiye fundi aliyeyahudumia magari yote mawili tangu enzi za baba mkwe. Ana miaka themanini, macho manne, na maneno mengi kuliko spana.

Fomu inataka namba ya injini. Kibati cha kiwandani kilichopigwa ribiti kwenye mwili wa gari kinasema injini ni 18011. Nikampa Mzee Spana tochi asome iliyo kwenye injini yenyewe. Akasoma 18640. Akafuta vumbi, akasoma tena. 18640.

Chama hakipokei gari ambalo injini yake si ile ya kiwandani. Kwao ni kama mtu aliyevaa meno ya jirani.

Mzee Spana akaketi juu ya tairi akaanza kucheka. Akasema sasa amekumbuka. Mwaka ule magari yote mawili yalikuwa yameshushwa injini wiki moja, karakana moja. Ghafla baba mkwe akaja mbio: la kijani linatakiwa Jumamosi, limbebe binti yake, maana bwana harusi mwenye haraka zake ameiwahisha harusi kwa mwezi mzima. Kwa haraka hiyo Mzee Spana akainua injini iliyokuwa karibu. Gari likawaka, bibi harusi akafika. Kwa hiyo injini yangu iko kwenye gari jekundu, na ya jekundu iko kwangu, kwa miaka ishirini na minne.

Nikauliza huyo bwana harusi mwenye haraka ni nani. Akaniangalia kwa huruma.

Kasema si tatizo. Asubuhi moja, mnyororo na kapi, kila injini inarudi kwao. Kinachotakiwa ni mimi kuzungumza na shemeji yangu tu.

Tu! Nifikirie vizuri. Nikimrudishia injini yake, gari lake linakamilika. Tayari lina sakafu. Tayari lina milango, na inafungwa. Nafasi ni moja. Nimkamilishie adui silaha kwa mikono yangu mwenyewe? Nikamwambia Mzee Spana achomelee alichoitiwa.

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimekwenda kupeleleza. Kisingizio: jino.

Kliniki ya shemeji ina picha tatu za gari lake na moja ya mkewe. Akanilaza kwenye kiti, akauliza linauma lipi. Nikaonyesha lolote, gego la chini kushoto. Akanijaza pamba mdomoni, kisha, baada ya kuhakikisha siwezi kujibu, akaanza kunieleza habari za nta.

Halafu akashusha sauti. Kasema Mzee Spana kamfikia na yeye, kamweleza habari ya injini. Kasema shemeji, sisi ni watu wazima, hili tulimalize kindugu. Asubuhi moja tu, kwangu au kwako, utakavyo wewe.

Mtego wa kitoto. Anajua gari lake litashinda yakilinganishwa yote mawili yakiwa kamili. Nikatikisa kichwa kwa nguvu zote.

Kwa bahati mbaya wakati huohuo msaidizi wake alikuwa ameniuliza kama nipigwe ganzi.

Sitaandika kilichofuata. Nitaandika tu kwamba liling'oka lote, na kwamba nilisikika hadi kwenye duka la dawa lililo jirani. Shemeji alipofuta jasho akauliza tena kuhusu injini. Nikaomba kalamu. Nikaandika HAPANA nyuma ya risiti yake, nikaondoka nimeinua kichwa, shavu moja kama chungwa.

Jumanne, 10 Juni

Siku kubwa. Shavu limeshuka, akili imepanda.

Kwa nini nihangaike na injini nzima wakati tatizo ni tarakimu tano? Namba ni maandishi. Na maandishi ndiyo kazi yangu. Mzee Spana anaweza kujua mafuta, shemeji anaweza kujua mate, lakini katika mji huu hakuna anayejua kuweka alama juu ya kitu kama mimi.

Saa nne nilifunga duka. Nikachukua tupa nikakwangua 18640 mpaka chuma kikawa kitupu. Nikapitisha msasa. Nikapanga vile vyuma vya kugongea namba, kimoja kimoja, nikashika nyundo. Pigo moja kila tarakimu. Sikuhitaji hata kufikiri. Mkono wenyewe unaijua njia, kutoka kulia kwenda kushoto, kama unavyokwenda kila siku ya Mungu juu ya raba. Nikapaka masizi na mafuta machafu ili ionekane ya zamani.

Fundi wa kweli hujikagua. Nikatoa kioo changu kidogo cha kazini, kile ninachosomea kila muhuri kabla haujatoka dukani, nikakiweka mbele ya injini. 18011. Safi, imenyooka, kama imezaliwa nayo.

Nilikaa pale kama nusu saa nikijitazama. Maana ya kujitazama ni kwamba nilikuwa bado nimeshika kioo.

Alhamisi, 12 Juni

Kinga haitoshi. Lazima na kushambulia.

Nimeandikia chama barua isiyo na jina. Nimewatahadharisha, kama raia mwema, kwamba gari jekundu la daktari fulani wa meno lina injini isiyo yake, na kwamba itakuwa fedheha kwa taifa likipewa cheti bila kukaguliwa kwa makini. Nimeandika kwa mkono wa kushoto. Bahasha nimechukua dukani. Nimeipeleka mwenyewe, nimevaa kofia.

Mwenye hoteli alipita jioni kuangalia pua yake. Ndivyo anavyosema, pua yake. Tayari ametoboa ukuta. Kaja na msumari mkubwa kama muwa mdogo, kaniomba niushike nione uzito. Nikamwambia aununulie picha ya babu yake. Akasema, kwa unyenyekevu wa kukera, kwamba babu yake hakuwa na pua nzuri kiasi hicho.

Mke wangu kapima stoo. Kaweka alama za chaki pale cherehani itakapokaa. Moja iko juu ya boneti.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika kwa ufupi.

Tulilivuta gari hadi uwanja wa chama kwa kamba, nyuma ya pikapu ya Mzee Spana. Mke wangu alishika usukani. Mimi nilitembea kando, ili watu wajue ni la nani. Jekundu lilikuwa limeshafika, limekuja lenyewe, linajionyesha.

Mkaguzi ni mama mmoja mfupi, mstaafu wa forodha. Miaka thelathini alikuwa akipekua masanduku yenye kitako cha siri. Ana lenzi shingoni, mahali ambapo wanawake wengine huweka mkufu. Alianza kwa kusema kwamba kwa kawaida huangalia namba mara moja na kupita. Lakini wiki hii chama kimepokea barua mbili zisizo na majina, moja juu ya kila gari. Moja ilikuja katika bahasha yenye anwani ya duka la mihuri. Nyingine imeandikwa kwa mwandiko ambao hakuna aliyeweza kuusoma isipokuwa mfamasia. Kwa hiyo leo angetazama kwa makini.

Shemeji akaniangalia. Nami nikamwangalia. Nyoka mkubwa.

Mkaguzi akafungua boneti yangu. Akainama. Akaikodolea namba kwa lenzi muda ambao ungetosha kuchemsha yai. Kisha akauliza kibati kinasema nini. Nikasema kwa sauti, wote wasikie: moja, nane, sifuri, moja, moja. Akasema hapa injini inasema moja, moja, sifuri, nane, moja. Akauliza kama kwa bahati yoyote mwenye gari ni mchonga mihuri.

Nikasema haiwezekani, nimeisoma mwenyewe kwa kioo.

Watu walicheka mpaka mbwa wa mlinzi akaamka. Mke wangu hakucheka. Alitazama viatu vyake.

Likafuata jekundu. Hapo Mungu akanihurumia. Shemeji naye alikuwa ameikwangua namba yangu halisi, lakini kwa vifaa vyake vya kazi. Akauchimba ule ubavu wa injini kama jino bovu, akauziba kwa dawa yao ile nyeupe, akausugua ukang'aa, akachora juu yake 18640 kwa sindano ya kutobolea meno. Mkaguzi alisema katika maisha yake hajawahi kuona injini safi hivyo. Akaikwaruza kwa ukucha. Namba ikaanguka nzima nzima kwenye kiganja chake.

Mzee Spana alikuwa amekaa juu ya tairi lake la kawaida na daftari la mwaka ule. Akaonyesha ukurasa: siku, injini mbili, harusi, haraka. Akasema hawa mabwana kila mmoja alikuwa ameihifadhi namba ya mwenzake ikiwa nzima kabisa. Wangebadilishana asubuhi moja, yote mawili yangepita. Badala yake kila mmoja amekaa chumbani kwake akiiharibu mali ya mwenzake ili afiche kwamba anayo.

Mkaguzi akayafuta yote mawili. Niliwaza msumari.

Kisha akasema kuna kifungu kimoja. Mwenye gari akirudisha injini halisi, makovu yake yakiachwa yalivyo, na akiandika historia ya kweli katika ukurasa mmoja, yote hayo kufikia Jumatano, kamati inaweza kulifikiria upya. Na kwa kuwa habari za magari haya mawili hazitenganishiki, anaona yanaweza kuingia pamoja katika nafasi moja. Lakini uongo mmoja tu, hata wa koma, na yote yanatoka.

Nikapiga hatua mbele nikasema mwenye gari ni mimi. Akaangalia kadi ya gari. Akasoma jina. La mke wangu. Alilirithi kwa baba yake, tarehe iko pale, sahihi iko pale. Miaka kumi na moja nimekuwa nikisugua usukani wa mtu.

Jumapili, 15 Juni

Injini zimebadilishwa. Asubuhi moja tu, kama alivyosema yule mzee, jambo lililoniudhi kuliko yote.

Mnyororo ulining'inizwa kwenye boriti ya karakana ya Mzee Spana. Anayevuta mmoja hatoshi. Ilibidi mimi na shemeji tuushike mnyororo mmoja, bega kwa bega, tukipumua pamoja kama ng'ombe wa plau. Ukimchukia mtu huku mmeshikilia injini moja hewani, unachukia kwa uangalifu.

Katikati ya kazi akasema lile gego lilikuwa zima. Nikamuuliza mbona aling'oa. Akasema mgonjwa alisisitiza. Kisha akasema pole, shemeji. Nikasema si neno, nami nilikuandikia barua. Akasema alijua, maana ya kwake aliituma siku hiyohiyo. Nusura tucheke. Mzee Spana akatukemea tushike mnyororo.

Mke wangu alikuwa mlangoni. La kijani lilipowashwa, likakohoa, likakubali. Injini yake yenyewe, kwa mara ya kwanza tangu kabla ya ndoa yetu. Akaja akaweka mkono juu ya boneti, akasema siku ile lilitetemeka hivihivi, na manyoya ya kuku yalimshika kwenye shela, na baba yake akaendesha taratibu njia nzima akilia na kusingizia vumbi. Sikuwahi kuambiwa hilo. Au niliambiwa.

Jioni akaandika ukurasa wake. Daktari wa mifugo. Mpima barabara. Chakula cha kuku. Harusi ya haraka, injini zilizopishana, mume wangu na kaka yangu na upumbavu wao. Mistari kumi na minane, hakuna neno la ziada. Amenikabidhi niupige chapa, kwa sababu mashine ninayo mimi. Amenitazama machoni. Kasema kama ulivyo, baba watoto. Usiongeze hata chumvi.

Nimeapa. Na safari hii nimeapa kwa moyo.

Jumanne, 17 Juni

Nimepiga chapa. Neno kwa neno, karibu.

Yaani mwandishi yeyote mwenye haya angefanya hivyo. "Mpima barabara" inasoma vibaya, nikaweka "mhandisi mkuu wa barabara." Ukishakuwa na mhandisi mkuu, chakula cha kuku hakikai, nikaweka "shehena." Na mhandisi mkuu anapomwoza binti yake, je, waalikwa watakuwa majirani tu? Mtu wa heshima hualika watu wa heshima. Balozi amekuja harusini. Hakumiliki gari, ningekuwa mwongo. Amekuja tu, amelisifu, na kusahau kofia yake ndani. Mstari mmoja. Chumvi haijaguswa. Hiyo ni sukari.

Balozi hasadikiki bila muhuri. Ule wa zamani mke wangu aliuchoma, hivyo nikachonga mpya. Wanaosema sijifunzi waje waone. Mkaguzi alionyesha kosa langu ni kwenda kutoka kulia kwenda kushoto. Vema. Nimekubali kukosolewa, tofauti na madaktari fulani. Muhuri huu nimeuchonga kutoka kushoto kwenda kulia, herufi zote zikinitazama vizuri usoni, kama zinavyosomeka kitabuni.

Nikaugonga chini ya ukurasa. Wino mwekundu, duara safi.

Mwenye hoteli alikuwa dirishani na futi yake, eti anapita tu. Nilimwonyesha karatasi kwa mbali. Alikunja uso, akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule, akaondoka akitabasamu. Hajui kusoma, maskini.

Mke wangu alikuwa na mteja, kasema niipeleke mwenyewe. Kabla ya kuifunga bahasha nilijikagua, kama fundi wa kweli. Nikatoa kioo, nikakiweka mbele ya ule muhuri mwekundu wa kwenye karatasi.

Unasomeka barabara.